Spishi mpya ya tumbawe laini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Tukuyu kwamba kuna watu kazi yao ni kuelezea spishi mpya za matumbawe laini. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuja na swali: "Mwalimu, zimezaliwa lini?" Nililipenda swali lile, maana linagusa dhana inayotangulia zote, kwamba kipya ni kile ambacho jana hakikuwepo.

Jibu tunalo mlimani kwetu. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji, aina ya kima wa msituni, kabla mtafiti yeyote hajamwona, na habari zake zilipoanza kufuatiliwa Rungwe mwaka 2003, ilidhaniwa huenda ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka huohuo akaonekana. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti likamkuta msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, bila kujua habari za Rungwe. Mwaka 2005 akapewa jina la kisayansi. Kipunji hakuzaliwa mwaka huo. Kilichozaliwa ni maelezo yake: jina, tofauti zake na jamaa zake, na kielelezo ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua. Tumbawe laini ni vivyo hivyo. Mvuvi wa Mafia au Mtwara anaweza kuwa amelipita tangu utotoni.

Wengine husema ni mmea. Si mmea, ni wanyama wengi wadogo wanaoishi pamoja. Kila mmoja, yaani polipu, ana minyiri minane yenye vijitawi pande zote mbili kama unyoya. Ukihesabu minane, umeshajua hauko kwenye matumbawe magumu yale yanayojenga miamba, kwani yale huhesabiwa kwa sita-sita.

Dhana inayonisumbua zaidi ni hii: "Litazame rangi na umbo, utalijua." Hapo ndipo wengi hupotea. Tumbawe laini hujaa maji likavimba, likanywea, polipu zikajificha. Asubuhi na jioni unaweza kudhani ni mawili tofauti. Ukilihifadhi kwenye spiriti, mara nyingi rangi nayo inakwenda.

Mwanafunzi wangu wa zamani, anayesomea sayansi ya bahari Dar es Salaam, alikuja likizo na kipande kutoka maabara ya chuo chao, kidogo kama punje ya haragwe. Tulikiweka kwenye kioo, tukadondoshea jiki. Kikatoa povu, nyama ikayeyuka taratibu, pakabaki vumbi jeupe chini. Tukalisuuza kwa maji mara kadhaa, kisha tukaliweka chini ya hadubini. Darasa lilinyamaza. Lile vumbi lilikuwa vijiti vya chokaa, vingi havifiki hata milimita moja, vimechongoka ncha zote mbili na kujaa vinundu kama gunzi la mahindi. Vingine vilikuwa na kichwa kama rungu. Hizo ndizo skleriti, na ndizo mtaalamu huzisoma.

Tena hazisomi kiholela. Skleriti za juu ya ngozi huweza kuwa marungu na za ndani ya shina zikawa magunzi, ndani ya tumbawe lilelile. Kwa hiyo huchukua sehemu ya juu na ya chini, ya nje na ya ndani, huchora, hupima, halafu hulinganisha. Anayechukua mahali pamoja tu anaweza kulipa jina jipya tumbawe lenye jina lake la zamani.

"Siku hizi picha inatosha." Kipunji alielezewa mara ya kwanza kwa kutumia picha, na mjadala ukawa mkali. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, na hapo ndipo fuvu na vinasaba vyake vilipopimwa. Ikaonekana yuko karibu na nyani kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi za karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus. Picha isingesema hayo. Kwa tumbawe laini, ambalo siri yake imo ndani ya nyama, picha peke yake ingesema machache zaidi.

"Basi pima vinasaba, yaishe." Vinasaidia sana, lakini vinasaba vya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) vya matumbawe laini hubadilika polepole mno, kiasi kwamba spishi mbili zinaweza kufanana kabisa katika jeni inayotumika kutofautisha wanyama wengi. Ndiyo maana hupimwa jeni zaidi ya moja, na hadubini haijastaafu.

Na kuna wanaodhani mgunduzi huibuka majini akiwa na jina mdomoni. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa wastani sampuli ya spishi mpya hukaa miaka 21 tangu kukusanywa hadi kuelezewa. Kwa matumbawe laini kazi ngumu ni ya kurudi nyuma: maelezo ya karne ya 19 mara nyingi ni mistari michache, hayataji skleriti za sehemu zote, na jina la zamani ndilo lenye haki. Hivyo mtaalamu huomba chupa za makumbusho, huchukua chembe ya kielelezo cha kale, hudondoshea jiki kama tulivyofanya sisi, kisha hutazama kama magunzi yale ni yaleyale.