Programu za kuandalia msaada, na pa kujifunzia

Ukiwa ndani ya programu ya kompyuta ukabonyeza F1, mara nyingi hufunguka dirisha la maelezo: namna ya kuhifadhi faili, kazi ya kitufe fulani, la kufanya ikikwama. Maelezo hayo ndiyo huitwa msaada, na zipo programu maalumu za kuyaandalia. Zinazovuma zaidi ni RoboHelp ya Adobe na MadCap Flare. HelpNDoc nayo ni ya bure kwa matumizi binafsi.

Kwa nini usiandike tu kwenye Word? Kama ni mwongozo wa kurasa kumi, andika, inatosha kabisa. Shida huanza pale maelezo yaleyale yanapotakiwa kwenye tovuti, kwenye PDF na ndani ya programu yenyewe. Programu hizi hugawa maandishi vipande vidogovidogo, kila kipande na mada yake. Jina la bidhaa huwekwa mahali pamoja. Likibadilishwa hapo, limebadilika kila ukurasa. Aya inayowahusu wenye Mac peke yao hutiwa alama, na ukitoa nakala ya Windows aya hiyo haitokei. Chanzo ni kimoja, nakala ni nyingi.

Dhana hizo ndizo za kujifunza kwanza. Wanaoanza wengi hukimbilia video za "bonyeza hapa, kisha pale", ilhali vitufe havikai mahali pamoja toleo hadi toleo. RoboHelp ilijengwa upya katika toleo la 2019, kwa hiyo video za kabla ya hapo zitakuonyesha skrini usiyoiona kwako. Angalia tarehe ya somo kabla ya kulianza.

MadCap, kampuni yenye Flare, hutoa mafunzo ya kulipia pamoja na cheti. Ni mazuri kama mwajiri ndiye anayelipa. Anayejilipia asianzie huko. Mwalimu wa karibu ni msaada wa programu yenyewe, pamoja na miradi ya mfano. Fungua mradi mmoja, ondoa alama kwenye aya moja, toa nakala upya, uone aya hiyo imeishia wapi. Kwa zoezi kama hilo, muda wa majaribio wa bure unatosha.

Asiyetaka kununua chochote ajaribu Sphinx, programu ya bure inayotumika kuandalia nyaraka rasmi za Python, lugha ya kuundia programu. Kando ya kila ukurasa wa nyaraka hizo kuna kiungo cha kuonyesha chanzo: unasoma ukurasa, kisha unaona jinsi mwandishi alivyouandika. Google nao wana kozi za bure za uandishi wa kiufundi, ila zinafundisha kuandika, si kutumia programu hizi. Kwa maswali, jumuiya ya Write the Docs ina watu wa kazi hii hasa.

Miongozo ya zamani bado huelekeza watu kwa STC, chama cha waandishi wa kiufundi cha Marekani kilichoanza 1953. Kilifungwa mwaka 2025, kwa hiyo ukikutana na viungo vyake, pita.