Chama cha wavuvi wa nzi bandia: yanayosemwa na yaliyopo

Watu wengi wakisikia kuna chama cha uvuvi wa nzi bandia karibu nao, picha inayowajia ni ya wazee wenye kofia na fimbo za bei mbaya, wamesimama mtoni hawasemi na mtu. Wazee hao wapo, sikatai. Ila wanachofanya chamani kwa sehemu kubwa ya mwaka sicho ambacho watu wanakidhania.

Kwa asiyeujua uvuvi huu: chambo ni ndoana iliyofungwa manyoya, nywele na uzi hadi ifanane na mdudu au samaki mdogo. Ni chepesi mno, hakitupiki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito wake, nacho chambo kinafuata.

"Ni chama cha wenye nazo."

Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Houghton Club, kilichoanzishwa mwaka 1822 kwenye mto Test kusini mwa Uingereza, hadi leo kina wanachama wachache sana, na huingii kwa kujaza fomu. Vyama vya namna hiyo vimeandikwa mno, ndivyo vilivyoupa uvuvi huu sura ya kibwanyenye. Vilivyobaki ni vya watu wa kawaida. Uingereza, vyama vingi vya mtaani hukodi kipande cha mto au bwawa kwa mwenye ardhi na kuchangia gharama. Marekani, vingi havina maji yake kabisa: watu wanakutana ukumbini, wanafundishana, kisha wanakwenda kuvua kwenye mito ya umma.

Vifaa navyo vinatishia watu bure. Fimbo ya futi 9 na mshipi namba 5 (namba inaonyesha uzito wake) vinamtosha mgeni anayevua trauti, samaki wa mito yenye baridi, wa ukubwa wa kawaida. Vyama vingi vina fimbo za kuazima, na wanachama wa zamani wana ugonjwa wa kununua fimbo mpya, kwa hiyo zile walizozichoka unazipata kwa bei ya kutupa.

"Nijifunze kwanza kurusha, ndipo nijiunge, nisije nikaaibika."

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miaka. Kosa kubwa la kurusha hutokea nyuma ya mgongo wako, usikoona. Mshipi ukitupwa nyuma lazima unyooke hewani kabla hujauleta mbele. Mgeni hasubiri. Anauvuta ungali umejikunja, unalia kama mjeledi, na mara nyingine chambo kinakatika palepale. Akiona hivyo anaongeza nguvu, na mambo yanazidi kuharibika.

Chamani, somo la kwanza kwa kawaida hufanyika uwanjani kwenye nyasi, na mahali pa ndoana panafungwa kipande cha uzi wa sufu. Mwalimu anasimama pembeni, upande wa mkono usiorusha, na kitu cha kwanza atakachokuambia ni kugeuza shingo uutazame mshipi wako unavyokwenda nyuma. Wengi hawajawahi kuutazama. Kosa la pili analikuta kwenye kifundo cha mkono: kikilegea, ncha ya fimbo inashuka hadi karibu kugusa nyasi, na mshipi nao unashuka. Fimbo inatakiwa isimame ghafla ikiwa bado juu, nyuma na mbele. Robo saa ya kusahihishwa namna hiyo inazidi kiangazi kizima cha kuhangaika peke yako. Shirika la Fly Fishers International, lililoanzishwa Oregon mwaka 1965, hupima na kuidhinisha walimu wa kurusha, na si ajabu kumkuta mmoja wao katika chama kidogo. Vaa kofia na miwani, maana ndoana inayopita karibu na uso haina urafiki.

Suala la nguvu lilishajibiwa zamani. Mwaka 1960 Joan Wulff, mwanamke wa Marekani, alirusha chambo futi 161, karibu mita 49. Na kama bado kuna anayedhani huu ni mchezo wa wanaume, Clementina Morison alimtoa samoni wa ratili 61, kilo 27 na ushei, kwa nzi bandia kwenye mto Deveron huko Scotland mwaka 1924.

"Nikiwa na kadi ya chama, sihitaji leseni."

Unahitaji. Kadi inakuruhusu kuingia kwenye maji ya chama, leseni ni ya serikali. England, hata mtoto wa miaka 13 lazima awe nayo akivua kwenye maji baridi, japo kwake ni bure. Mkaguzi akikukuta huna, kadi ya chama haitakusaidia.

"Watanificha mahali penye samaki."

Kweli nusu. Usitarajie kuonyeshwa kila kitu siku ya kwanza. Lakini mtu anayefika siku za kusafisha kingo za mto hupelekwa haraka kuliko yule anayetokea msimu ukifunguliwa tu. Nami naona ni haki.

"Kazi yao ni kuvua tu."

Mwaka 1959 wavuvi wa mto Au Sable, jimbo la Michigan, walichoshwa na tabia ya serikali ya jimbo kumwaga mtoni trauti waliofugwa. Walitaka mto wenye afya ya kulea samaki wake wenyewe. Hapo ndipo shirika la Trout Unlimited lilipozaliwa, na leo matawi yake mengi yanapanda miti kingoni na kuondoa vizuizi vinavyowazuia samaki kupanda mto.

Uingereza wana kazi nyingine ninayoipenda zaidi, ya kupima mto kwa kutumia wadudu. Mtu anasimama majini, anaweka wavu upande maji yanakoelekea, na kwa dakika 3 anayachokoa mawe kwa viatu. Kilichonaswa kinamwagwa kwenye sinia jeupe. Mwanzoni unaona mchanga na majani yaliyooza. Tulia kidogo, utaona vijiti vinatembea: ni lava, yaani wadudu wachanga, waliojijengea nyumba za punje za mchanga na vipande vya majani. Tunutu, wadudu wachanga wa aina nyingine, wenye mikia mitatu, wanajibana kwenye kona. Wanahesabiwa kwa makundi 8, na jumla ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa kwa mto huo, mamlaka ya mazingira inaarifiwa. Maji machafu yaliyopita juzi usiku yameshakwenda zake na mto unaonekana safi, lakini wadudu hawa huishi chini ya mawe kwa miezi mingi, kwa hiyo kutokuwepo kwao ni ushahidi.

Kazi hiyo haiko mbali na uvuvi wenyewe. Trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu, na aliyeona kwenye sinia tunutu wa rangi na ukubwa gani wanaishi pale anajua cha kufunga. Ndiyo maana jioni za baridi wanachama wanaketi mezani, kila mtu na jiliwa lake dogo limeshika ndoana, wanazungusha uzi na unyoya wa mkia wa ndege. Mgeni asijali chambo chake cha kwanza kikitoka kibaya. Samaki hawajali sana urembo, wanajali ukubwa na mwendo.

"Ni trauti na samoni tu."

Jodari, kolekole, sangara, hata sato hunaswa kwa nzi bandia. Wanaotafuta kolekole wakubwa husafiri hadi Shelisheli kwa ajili hiyo.

"Samaki akiachiwa, hajapata madhara."

Hili nalisikia hata kwa wanachama wa muda mrefu. Anayeachiwa anaweza kufa baadaye akiwa amechoshwa kupita kiasi, au ute unaokinga ngozi yake ukiwa umefutwa kwa mkono mkavu. Chama kizuri kinafundisha ndoana isiyo na kijino cha kuzuia isichomoke, mikono iloweshwe kwanza, samaki abaki majini wakati ndoana inatolewa, na picha kama lazima iwe ya haraka. Maji ya mto wa trauti yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, kunja fimbo urudi nyumbani, kwani maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo na samaki aliyepigana hapati nafuu. Viatu navyo vioshwe na vikauke kabla ya kuingia mto mwingine. New Zealand ilipiga marufuku soli za sufu iliyoshindiliwa mwaka 2008 kwa sababu zinahifadhi unyevu na kuhamisha mwani vamizi.

Kabla ya kulipa ada, uliza maswali machache: maji ni ya nani na mkataba unaisha lini, wageni wanafundishwa na nani, kuna fimbo za kuazima, na mwanachama anatakiwa kutoa siku ngapi za kazi kwa mwaka. Wakikujibu kwamba hakuna siku za kazi, uliza nani anautunza mto.