Sindromu ya antifosfolipidi: damu nzito, damu nyepesi, mtu mmoja

Barazani kwetu Pemba damu ni nzito au nyepesi, basi. Mwenye nzito huogopewa kiharusi, mwenye nyepesi huambiwa ale matembele. Sindromu ya antifosfolipidi, aliyoieleza daktari Graham Hughes huko London mwaka 1983, haikai upande wowote.

Ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Kingamwili huzivamia protini zinazoshikana na mafuta yaitwayo fosfolipidi, na damu ikaanza kuganda ndani ya mishipa. Mguu huvimba, kijana hupata kiharusi, mimba hutoka moja baada ya nyingine. (Hilo la mimba huku huitwa chango, na mwanamke akazungushwa kwa waganga miaka.)

Kinachochanganya ni maabara. Damu hiyohiyo ikitiwa kwenye kichupa, mara nyingi huchelewa kuganda, kwa kuwa kingamwili zimezishika fosfolipidi ambazo kipimo chenyewe kinazitegemea. Karatasi inasema nyepesi, mwili unaganda. Tena baadhi ya wagonjwa chembe sahani zao, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, hushuka chini ya 150,000 kwa maikrolita. Zikishuka sana, fizi huvuja na ngozi hutoka vidoa vyekundu. Na uchache huo haumkingi mtu na mabonge ya damu! Ndiyo maana jibu moja halitoshi: kipimo cha kingamwili hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwani hata maambukizo ya kupita huzipandisha kwa muda.

Aliyekwisha kuganda damu kwa kawaida hupewa warfarini, dawa ya kuzuia kuganda, na INR yake, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikilengwa kati ya 2 na 3. Asiyetumia dawa huwa kama 1. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu, lakini haiyeyushi kitu, inaibana vitamini K isifanye kazi yake ya kusaidia damu kuganda. Basi mchicha na kisamvu, vyenye vitamini K nyingi, haviachwi, huliwa kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Ramadhani mlo ukibadilika, daktari aambiwe mapema. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo isinunuliwe kienyeji dukani, maana pamoja na warfarini huleta kuvuja damu tumboni.

Chembe zikianguka chini ya 50,000, madaktari huanza kupima hatari upya: wapunguze dawa ya kuzuia kuganda, au kwanza wazipandishe chembe kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Mjamzito huachishwa warfarini, kwa sababu humdhuru mtoto, akapewa sindano za heparini, nayo ya kuzuia kuganda, na asprini ya dozi ndogo.