Kimbunga: dhana potofu zinazogharimu maisha

Kimbunga kikitangazwa, wengi hutazama paa kwanza. Hofu hiyo ina msingi. Lakini katika vimbunga vya Pasifiki ya kaskazini-magharibi, vinavyopiga Ufilipino, Japani, China na Vietnam, maji ndiyo muuaji mkubwa, na dhana nyingi potofu huanzia hapo.

"Upepo wake ni mdogo, hakina madhara."
Desemba 2011, dhoruba ya Washi, ambayo Wafilipino waliiita Sendong, haikufikia hata kiwango cha kimbunga kamili. Mvua yake ilifurisha mito usiku, watu wakiwa wamelala katika miji ya Cagayan de Oro na Iligan. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Ishara namba 1 hadi 5 za PAGASA, idara ya hali ya hewa ya Ufilipino, hupangwa kwa nguvu ya upepo. Hazikuambii mto ulio nyuma ya nyumba utapanda kiasi gani, kwa hiyo sikiliza pia matangazo ya mvua na ya bahari.

"Nyumba yangu ni ya zege, nitabaki hapa hapa ufukweni."
Tarehe 8 Novemba 2013, upepo wa kimbunga Haiyan uliisukuma bahari hadi ndani ya mji wa Tacloban, maji yakapanda mita kadhaa. Ufilipino ilipoteza zaidi ya watu 6,000. Inauma zaidi kwamba baadhi walifia katika majengo waliyokimbilia, kwa kuwa nayo yalikuwa karibu na bahari. Zege hustahimili upepo, ila haliinui sakafu. Ondoka mapema, nenda mahali pa juu na mbali na maji, na ujue njia kabla giza halijaingia.

"Kumetulia, kimeshapita."
Huenda uko ndani ya jicho lake, yaani sehemu tulivu ya katikati ya kimbunga, ambalo mara nyingi huwa na upana wa kilomita 30 hadi 60. Likipita, upepo hurudi kwa ghafla kutoka upande mwingine na kuangusha vilivyokwisha kulegea. Usitoke kukagua paa mpaka mamlaka zitangaze usalama.

"Fungua madirisha kidogo ili nyumba isipasuke."
Hapana. Upepo ukiingia husukuma paa kutoka ndani. Utepe wa gundi kwenye vioo nao haumkingi mtu. Weka mbao imara au vifuniko vya dirisha.

"Maji ni ya kifundoni tu, tutavuka."
Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi. Rudi ulikotoka.

"Mvua ikinyesha, jenereta iingie ndani."
Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Iendeshe nje tu, pakavu na mbali na madirisha. Pasipowezekana, tumia tochi. Weka akiba ya maji, takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya siku 3 au zaidi, pamoja na dawa za wagonjwa, redio ya betri na vyeti ndani ya mfuko usiopenya maji.