Si Kila Maumivu ya Chembe ni Vidonda vya Tumbo, na Omeprazo Siyo Chai ya Asubuhi

Tangu tuanze kampeni ya kupima sukari na presha hapa mkoani Dodoma, foleni ya kliniki ya tumbo imekuwa ndefu kuliko ya presha yenyewe, maana mtu akishapimwa anaona bora amalizie na hili la tumbo hapohapo. Na karibu kila anayekaa kwenye kiti anaanza hivi: dokta, mimi nina vidonda vya tumbo. Ukimuuliza nani kamwambia, ni muuza duka la dawa, au shemeji yake, au alipimwa damu mnadani akapewa kikaratasi. Sasa tuelewane kidogo, maana saa nyingine kinachouma ni kongosho.

Hapo kwenye chembe, juu ya kitovu chini ya kifua, pamesongamana vitu. Kuna tumbo lenyewe, kuna mwanzo wa utumbo mwembamba, kulia kuna ini na kifuko cha nyongo chini yake, halafu nyuma kabisa kuelekea mgongoni ndo ipo kongosho. Wengi wanaijua kwa insulini ya kudhibiti sukari tu, lakini ina kazi nyingine kubwa, inatengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga na kuvimwaga kwenye utumbo. Mfereji wake na ule wa nyongo kwa watu wengi vinatokea sehemu moja, kwa hiyo jiwe dogo likitoka kwenye kifuko cha nyongo likakwama pale, vile vimeng'enya vinaanza kazi vikiwa bado ndani na kongosho inajisaga yenyewe. Mawe hayo na pombe ndo sababu kuu mbili za kongosho kuvimba hivyo. Zipo na nyingine, mafuta ya triglisaridi yakipanda sana kwenye damu, dawa fulani, kuumia tumbo kwenye ajali, hata matumbwitumbwi.

Maumivu ya kongosho hayafanani na kiungulia jamani. Yanakuja kwa nguvu, yanatoboa mpaka mgongoni, unatapika na kutapika kwenyewe hakukupi nafuu, ukilala chali ndo balaa, ukiinama mbele unapata ahueni kidogo. Tulimpokea baba mmoja kutoka Bahi, njia nzima kwenye basi alikuwa amekumbatia siti ya mbele, mfukoni ana pakiti za dawa za vidonda, moja imeshakwisha, na pamoja na hizo diklofenaki ya kutuliza maumivu ambayo ndo hasa inachubua tumbo! Kidonda hakikuwepo. Lipasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye damu ilivuka mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na ultrasaundi ikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Angeendelea kumeza zile dawa nyumbani leo tungekuwa tunaongea mengine.

Kuhusu pombe naomba niseme bila kuremba. Kuna watu hapa kwetu wanaamini waini ni zabibu, zabibu ni tunda, basi haina neno, na wengine wanaitetea wanzuki kwa sababu ina asali. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, navyo vilipigwa marufuku Machi 2017, wapo wanaodhani tatizo liliondoka navyo. Kongosho inachopokea ni alkoholi, iwe imetoka kwenye zabibu za Hombolo au kwenye dumu la gongo, na ukiongezea sigara unaiharakisha kuharibika. Ikishaharibika kwa miaka inasinyaa, inaweka chokaa, na hairudi ilivyokuwa. Hapo mtu anakonda wakati anakula vizuri, choo kinakuwa na mafuta, kinanuka kupita kawaida, kinaelea, unamwaga maji hakiondoki, na mwisho sukari inapanda. Dawa za kumsaidia zipo, vimeng'enya vya vidonge anavyomeza pamoja na chakula, lakini pombe aache, siyo apunguze.

Na wazee wetu, hasa waliovuka miaka 50. Sukari imetokea ghafla bila historia, mwili unapungua, macho yanakuwa ya njano bila homa wala maumivu yoyote, mkojo umekuwa wa rangi ya chai kavu, choo kimepauka, ngozi inawasha. Msiseme ni malaria imepanda kwenye nyongo. Msimpe mwarobaini mkasubiri mavuno yaishe. Saratani ya kichwa cha kongosho inaweza kuja hivyohivyo kimyakimya, na ikichelewa upasuaji hauwezekani tena.

Sasa hicho kikaratasi cha mnadani. Kipimo cha haraka cha damu cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umetengeneza kupigana nao, na kingamwili zinabaki muda mrefu hata kama bakteria walishakufa, ndo maana kuna mtu ametibiwa, amepona, anapimwa tena anaambiwa bado unao, anarudia dozi ile ile mwaka mzima. Tena wengi tunao hao bakteria na hatuumwi chochote. Kipimo tunachokitaka ni cha choo au endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni, na hapa naomba msome taratibu kwa sababu kila wiki tunarudisha watu. Omeprazo na ndugu zake, zile dawa za kupunguza asidi tumboni, unaacha wiki 2 kabla. Antibaiotiki unaacha wiki 4. Wiki mbili siyo siku mbili, na asubuhi ya kipimo usimeze "kimoja tu cha kutuliza". Sampuli ya choo iwe kwenye kikopo tulichokupa sisi, siyo cha mafuta ya kujipaka kilichooshwa, isichanganyike na mkojo, na uilete siku hiyohiyo. Endoskopi unakuja hujala kwa muda wa masaa 6 mpaka 8, na uji nao ni chakula.

Rufaa ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na fomu iwe na muhuri na sahihi, kwa sababu ukiruka ngazi kwa ugonjwa usio wa dharura dawati la bima litakurudisha na sisi hapo hatuna la kufanya. Dharura ni suala lingine, kutapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo limekakamaa, macho ya njano pamoja na homa na kutetemeka, hapo njoo moja kwa moja saa yoyote, karatasi zitafuata.

Wauza dawa nao wasikie. Sheria ya Famasi ya 2011 inataka duka lisajiliwe na liwe na msimamizi mwenye sifa, na duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza, ukitoka nje ya hapo kuna faini, kuna kifungo, kuna kufungiwa. Waganga wa tiba asili nao wana sheria yao ya 2002 na lazima wasajiliwe, kwa hiyo anayekuuzia chupa ya "kusafisha kongosho" stendi muulize kwanza cheti chake.

Ukija kliniki njoo na vipimo vyote vya zamani na pakiti za dawa unazotumia, na mitishamba pia uitaje, hatukugombezi. Siku ya endoskopi njoo na ndugu, maana ukichomwa ya usingizi hatukuruhusu kuondoka peke yako wala kuendesha pikipiki mpaka kesho yake.