Run si kukimbia tu: tunavyodanganyana kuhusu vijineno vya Kiingereza

Nilipoanza kazi ya stoo katika kampuni moja hapa Mtwara, getini palikuwa na kibao kinachokataza kukimbia ndani ya yadi. Wiki ya kwanza akaja mgeni, Mzungu, akasimama mlangoni na kuuliza: "Who runs this store?" Nikamjibu kwa Kiingereza changu chote kwamba hapa hakuna anayekimbia, sote tunatembea, na kibao nikamwonyesha. Alicheka mpaka akavua helmeti. Alikuwa anamtafuta msimamizi wa stoo. Msimamizi nilikuwa mimi, na nilikuwa nimejikana kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku hizi jioni nafundisha Kiingereza barazani kwangu Chikongola. Wanakuja vijana wa bodaboda, wabebaji mizigo wa bandarini, mabinti wawili wa mapokezi hotelini, na mzee mmoja mwenye boti ya Msangamkuu ambaye sote tunamwita Nahodha. Kila kundi jipya huja na imani zile zile kuhusu maneno mafupi ya Kiingereza. Zangu zilikuwa hizo hizo.

"Run ni kukimbia. Mengine ni mapambo."

Shuleni tuliandika daftarini neno moja, mstari, maana moja. Run, kukimbia. Get, kupata. Tukafunga daftari.

Sasa tazama. Pua ikichuruzika kamasi, ina-run. Bomba ukiliacha wazi, lina-run. Jenereta likinguruma nyuma ya duka lina-run, na mwenye duka naye ana-run duka. Anayegombea udiwani ana-run. Kitenge kipya ukikiloweka na shati jeupe, rangi ikachuja, rangi ime-run na shati limekwisha. Watu wakisikia fununu kwamba benki inafilisika, wote wakajazana dirishani kutoa pesa zao siku moja, hiyo nayo ni run. Na tumbo likikuendesha usiku kucha, Mwingereza atasema una "the runs", ambapo kwa kweli kukimbia kupo, ila si ndiyo maana yenyewe.

Hata kitu kisichosogea kina-run. Barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Mingoyo, kwa Kiingereza, ina-run kutoka huku hadi kule. Sisi tunasema inakwenda, au inapita. Siku moja niliandika ubaoni sentensi kuhusu ile reli ya Waingereza iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, uliokufa mwaka 1951: "The railway ran from Mtwara to Nachingwea." Kijana mmoja wa bodaboda akaitafsiri papo hapo: "Reli ilikimbia kutoka Mtwara." Nikataka kumsahihisha, akaniwahi: "Si ilikimbia kweli, mwalimu? Mbona haipo?" Mataruma yaling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sikuwa na jibu.

Waliokaa wakahesabu ni watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford. Walipofika kwenye run, kitenzi peke yake, walipata maana 645. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 2011. Mtunzi aliyeishughulikia, Peter Gilliver, neno hilo moja lilimla miezi tisa.

"Neno lenye maana nyingi kuliko yote ni set."

Lilikuwa hilo. Katika toleo la pili la kamusi hiyo hiyo, la mwaka 1989, set lilikuwa na maana zaidi ya 430, na maelezo yake peke yake yalifika kama maneno 60,000, ukubwa wa riwaya nzima. Wengi bado wanairudia habari hiyo kwenye maswali ya chemshabongo. Run limeshalipita. Sababu inayotajwa ni mashine: tangu viwanda, treni, magari hadi kompyuta, kila kitu kinachofanya kazi chenyewe Mwingereza alikipa run, wakati set ni neno la kuweka kitu mahali kikatulia.

"Neno fupi ni jepesi, refu ndilo gumu."

Ni kinyume. Neno photosynthesis linamtisha mtoto wa kidato cha kwanza kwa wiki moja, kisha ameshalielewa kwa maisha yake yote, kwa sababu lina kazi moja. Msomi wa Kimarekani George Kingsley Zipf alilionyesha jambo hili miaka ya 1930 na 1940: maneno yanayotumika sana huwa mafupi, na yanayotumika sana ndiyo hubeba maana nyingi. Ni kama panga la nyumbani. Linachanja kuni, linafungua dafu, linafyeka nyasi chini ya mikorosho, na siku ya shida linafungulia kopo la rangi. Kisu cha daktari wa upasuaji kina kazi yake moja, kinarudi kwenye boksi.

"Kiingereza ndicho kimevurugika. Kiswahili kimenyooka."

Hii ndiyo naipenda, kwa sababu anayeisema huwa ameshika simu na muda si mrefu ataipiga.

Leo asubuhi umepiga mswaki, umepiga deki, umepiga pasi. Umepita kwa jirani ukapiga hodi, mkapiga soga. Ukienda kupiga kura unapiga foleni, ukichoka unapiga miayo, ukipita vumbi unapiga chafya. Hujampiga mtu hata kofi. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa na daftari lake la "piga, mstari, beat" anatuona watu wakatili ajabu, tunaopiga mpaka picha za harusi.

Na hicho kukimbia chenyewe tunachodai kina maana moja? Mtu hukimbia deni akiwa amelala ndani, taa kazima. Mwalimu hukimbia kituo kwa kupanda basi. Na mbio kubwa kuliko zote nchini, Mbio za Mwenge, mwenge wenyewe sehemu kubwa ya safari uko kwenye gari. Bado tunasema mwenge umekimbizwa mkoani Mtwara, kesho unakabidhiwa Lindi, na hakuna anayeinua mkono kuuliza gari linakimbiaje kwa niaba ya mwenge.

Ila kuna tofauti moja ambayo wanafunzi wangu huichanganya, nami naisimamia kidogo. Run na piga ni mti mmoja wenye matawi. Ukifuata tawi lolote kurudi nyuma unafika kwenye shina: kitu kinakwenda bila kukatika, au mkono unakutana na kitu. Lakini chukua kaa. Kaa wa kwenye mikoko ya Mikindani, kaa la moto jikoni, na kaa nikuambie. Hayo si matawi, ni miti mitatu iliyoota pamoja. Sauti imefanana, basi. Paa ni hivyo hivyo: la nyumba, mnyama wa porini, na kupaa kwenda juu. Wasomi wa lugha wana majina yao, polisemia kwa lile la kwanza na homonimia kwa hili la pili.

Hapo ndipo Kiswahili kinapomsaidia mtu kuliko Kiingereza. Sisi tuna ngeli. Ukisikia "huyu" unajua paa ana miguu minne, ukisikia "hili" unajua limeezekwa kwa bati. Kaa wangapi, makaa mangapi, hutachanganya hata ukiwa na usingizi. Mwingereza hana kitu hicho. Neno lake linasimama uchi, lazima utazame majirani zake ndipo ujue ni la ukoo gani.

"Ukijua run, na ukajua out, umeshajua run out."

Hapana. Yule kijana wa reli aliwahi kuniambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba "I have run out of petrol" ni "nimekimbilia nje ya petroli." Kumbe imemwishia, tena njiani Naliendele, anasukuma pikipiki. Vijineno vya mkiani ndivyo vinavyoshika usukani: run into ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga kitu, run over ni kukanyaga kwa gari, run down ni betri kuisha nguvu, na pia ni kumsema mtu vibaya. Hazitafsiriki kwa kujumlisha.

"Wenyewe wamezikariri zote."

Kama zilimchukua mtaalamu miezi tisa, mtu wa kawaida London hajui hata kama anazijua. Anasikia nose, anajua ni kamasi. Anasikia engine, anajua ni mngurumo. Sawa na wewe usivyowaza ngumi ukisikia pasi. Kwa hiyo kwenye daftari za barazani kwangu nimepiga marufuku (mnaona?) kuandika run peke yake. Unaandika kipande kizima, na aliyekisema, na alikuwa anafanya nini.

Jumanne iliyopita Nahodha alileta kipande chake. Alikuwa amebeba watalii, mmoja akaangalia maji yanavyokupwa akauliza kwa wasiwasi kama boti haita-run aground. Nikamweleza: ni chombo kukwama chini, kwenye mchanga au mwamba. Nahodha akaweka kalamu. "Yaani chombo kimesimama hakiendi, wao wanasema kimekimbia?" Akatikisa kichwa, akawahurumia Waingereza kwa dakika nzima.

Nikamuuliza, na yeye boti ikimfanyia hivyo, akifika nyumbani anamwambiaje mkewe?

"Namwambia imepanda mwamba," akasema. Kisha akanyamaza, akaokota kalamu yake.