Kadi mpya ya Wi-Fi haikuongezei kifurushi

Wengi wanaoniletea laptopu wakitaka kadi mpya ya Wi-Fi wana lalamiko moja: nimelipia Mbps 20, mbona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 tu kwa sekunde? Hapo hakuna kilichoharibika. Kampuni ya intaneti inahesabu megabiti, kompyuta ikipakua inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa 20 kwa nane uone. Filamu ya gigabaiti moja itakula kama dakika saba, hata ufunge kadi ya bei gani.

Ndiyo maana napima kwanza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika netsh wlan show interfaces, utaona kasi, kwa Mbps, kati ya laptopu na ruta. Usiichukue yote, kikazi unapata kama nusu yake, kwani sehemu inaliwa na mawasiliano ya Wi-Fi yenyewe, na hewa mnagawana na majirani. Ikisoma 72 na kifurushi ni cha 20, kadi haina kosa. Ikisoma 72 na umelipia faiba ya 100, hapo sasa tunaongea. Hiyo 72 ni ya kadi za zamani za antena moja kwenye 2.4 GHz, na masafa hayo kwenye nyumba za kupanga yamejaa kama daladala za jioni. Kadi ya Wi-Fi 5, yaani kizazi cha tano cha Wi-Fi, yenye antena mbili hufika 867 kwenye 5 GHz, ingawa masafa hayo ukuta unayachosha upesi. Ruta nayo iangalie: za bei rahisi nyingi matundu yake ya waya yanaishia 100.

Kwenye kununua ndiko watu wanapigwa. Intel AX210 na AX201 ukiziweka mezani ni kama pacha, zote za umbo la M.2, yaani kadi ndogo ya kuchomeka ndani ya laptopu. Lakini AX201 ni kadi nusu. Kazi yake nyingine inafanywa na chipu za Intel zilizomo kwenye ubao mama. Ukiichomeka kwenye laptopu yenye prosesa ya AMD, haisomi. AX210 inajitegemea, ila inataka Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi. Muuzaji akisema "zote sawa tu bosi", soma namba mwenyewe. ThinkPad za kina X230 zina ukaidi wao: BIOS, ile programu inayoiwasha laptopu, ikiona kadi isiyoijua inaandika kosa namba 1802 na laptopu inagoma kuwaka. Na laptopu nyembamba nyingine kadi imechomelewa kabisa, basi usihangaike.

Kufunga ni kazi ndogo. Chomoa betri, piga picha waya mbili za antena zilivyokaa, kisha zing'oe kwa kuziinua wima. Kuzirudisha, lenga katikati ya kitundu ubonyeze kwa kidole mpaka isikike "tik". Ukilazimisha kwa upande kinabonyea, na kadi ndiyo imeondoka hivyo. Draiva ishushe mapema uiweke kwenye flashi, maana ukishatoa kadi ya zamani, Wi-Fi na Bluetooth vimeondoka pamoja.